Kuingia Fani Ngeni na Kuielewa Haraka: Mwongozo kwa Mshauri Anayehama Kazi kwa Kazi

Mkataba umesainiwa Ijumaa. Jumatatu unakaa meza moja na watu walioshughulika na bohari za dawa kwa miaka 15, ilhali kazi yako iliyopita ilikuwa ya bima, na ya kabla ya hiyo ilikuwa ya mamlaka ya maji. Wiki ya tatu watataka kusikia kutoka kwako jambo ambalo wao wenyewe hawakuliona. Hayo ndiyo maisha ya mshauri mwelekezi anayehama fani kwa fani. Nimeyaishi muda wa kutosha kujua kwamba wanaoyamudu wana utaratibu wa kujifunza, na wako tayari kuweka kando walichokuja nacho. Hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Utaratibu ninaoueleza hapa unaanza kabla ya siku ya kwanza na unaisha baada ya kukabidhi ripoti. Hatua nyingine ni za nusu saa. Hatua ya tatu na ya tano zinadai muda mrefu, na ukizikatisha, pengo litaonekana kwenye ripoti.

Hatua ya 1: Soma hadidu za rejea ukitafuta uamuzi

Hadidu za rejea, yaani hati inayoeleza kazi uliyopewa, huandikwa na mtu ambaye tayari ana maoni yake kuhusu tatizo. Zisome mara moja kwa ukamilifu, kisha rudia ukipiga mstari chini ya vitenzi: kutathmini, kupendekeza, kuandaa, kuhuisha. Vitenzi hivyo vinakueleza utakachokabidhi. Havikuelezi kwa nini kinatakiwa. Kwa hiyo, kabla hujafungua hata nyaraka moja, mpigie mteja umuulize: "Ripoti hii ikishakufikia, utaamua jambo gani ambalo leo huwezi kuliamua?"

Jibu la swali hilo linapunguza mzigo wa kujifunza kuliko kitu kingine chochote. Kama uamuzi ni kujenga bohari mpya au kutojenga, unahitaji kujua kiasi cha dawa kinachoingia, kinakaa muda gani, kiasi gani huisha muda wake rafuni, na kipi kinahitaji ubaridi. Huhitaji kujua dawa ipi inatibu nini. Nimewaona washauri vijana wakikesha wakisoma mambo ya fani nzima kwa woga wa kuonekana hawajui, halafu wanafika kazini wamechoka na bado hawajui mteja anataka kuamua nini.

Hatua ya 2: Kusanya maneno yao, na uyakariri kwa njia inayofanya kazi

Kila fani ina maneno kama 50 ambayo ukiyajua unaweza kufuata kikao bila kupotea. Tenga kurasa za mwisho za daftari, uchore safu tatu: neno, maana yake kama wanavyolitumia hapa, na aliyekueleza. Safu ya tatu usiiache, kwa sababu maana hubadilika kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Chukua neno "upotevu". Kwenye mamlaka ya maji, maji yaliyopotea si yale tu yaliyovuja kwenye bomba. Yamo pia yaliyoibwa na yale yaliyopita kwenye mita mbovu isiyosoma sawasawa. Bohari wakisema upotevu, wanahesabu kilichoibwa, kilichovunjika na kilichoisha muda wake. Kliniki, aliyepotea ni mgonjwa aliyeacha kuhudhuria na hakuna anayejua aliko. Anayehamisha neno hilo kutoka kazi moja hadi nyingine pamoja na maana yake ya zamani atajumlisha vitu visivyojumlishika.

Kwa maneno mazito, waulize watu wawili wa idara tofauti, kila mmoja peke yake. "Oda iliyokamilika ni ipi?" Mtu wa ghala atakuambia ni mzigo ukishatoka getini. Mtu wa mauzo atasema ni mteja akishasaini kupokea. Mhasibu atasema ni pesa ikishaingia. Majibu yakitofautiana hivyo, usihangaike kutafuta nani yuko sahihi. Andika yote matatu, maana huenda umeshagusa chanzo cha takwimu zao kutolingana kila mwisho wa mwezi.

Sasa suala la kuyashika kichwani. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Kwa kipimo chake, zaidi ya nusu ya alichokariri ilikuwa imepotea ndani ya takriban saa moja, na baada ya siku moja ikawa kama thuluthi mbili. Istilahi za fani ngeni, siku za mwanzo, hazina tofauti kubwa na silabi zile.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika lilichokumbuka. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Kwa hiyo jioni, kabla hujapitia maandishi yako, funga daftari uandike kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka kutoka mahojiano ya siku hiyo. Ukimaliza, fungua na ulinganishe. Ulichokosa ndicho utakachouliza kesho asubuhi. Inachukua dakika 20, na inakera kwa sababu inakuonyesha wazi kwamba ulidhani unajua. Ifanye hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Fuata kitu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Kama ningeruhusiwa kubaki na hatua moja tu, ningebaki na hii.

Chagua kitu kimoja ambacho taasisi ipo kwa ajili yake: dai moja la bima, mgonjwa mmoja (kwa idhini yake), oda moja, ombi moja la ununuzi. Kifuate kwa miguu yako mwenyewe, dawati hadi dawati, hadi kinapoishia. Chora safu nne: kilifika lini, kilianza kushughulikiwa lini, kiliondoka lini, na aliyekishika alihitaji nini ambacho hakuwa nacho. Fuata kimoja cha kawaida, halafu kimoja kilichokwama.

Niliwahi kuitwa mahali ambapo ununuzi ulichukua wiki sita. Kwenye kila kikao niliambiwa kwamba mkurugenzi anachelewa kusaini. Mkurugenzi mwenyewe alikiri. Nikachukua ombi moja, lililoandikwa kwenye fomu ya nakala tatu, nyeupe, njano na waridi, nikaanza kutembea nalo. Saini ilichukua siku moja. Nakala nyeupe ilikwenda uhasibu, ya njano ilirudi kwa aliyeomba, na ya waridi ilifika stoo, ikawekwa kwenye trei ya plastiki juu ya nyingine nyingi.

"Mama, hii ya waridi inasubiri nini?" nikamuuliza mtunza stoo.

"Inasubiri namba."

"Namba inatoka wapi?"

"Kwenye rejista. Rejista iko jengo la pili, huletwa Jumanne na Ijumaa."

"Utaratibu huu umeanza lini?"

Alinyanyua mabega. "Nimeukuta."

Nikahesabu fomu zilizokuwa kwenye trei ile huku yule mama akiendelea na kazi zake: 61. Hakuna kikao ambacho kingenipa habari hiyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiificha. Walioketi vikaoni hawakuwahi kufika stoo, na aliyekaa stoo hakuwahi kuitwa kikaoni.

Mambo mawili kuhusu hatua hii. Kwanza, nenda bila msafara. Ukienda na meneja, watu watakuonyesha kazi inavyopaswa kufanyika. Pili, utakachokiona kitakuwa kimetokana na watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye ripoti. Waombe ruhusa, na wakikubali, andika kwamba ni wao waliokuonyesha. Mshauri anayechukua maarifa ya mtunza stoo na kuyauza ghorofa ya juu kama yake mwenyewe anafanya dhuluma, na safari ya pili hataambiwa chochote.

Hatua ya 4: Beba hesabu chache zinazokubali kila mahali

Fani hubadilika, hesabu nyingine hazibadiliki. Mtu akiniuliza ajifunze nini kabla ya yote, namwambia mambo mawili.

La kwanza ni kusoma taarifa za fedha. Namna ya kuandika hesabu kwa pande mbili, ambayo Luca Pacioli aliieleza kwenye kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, bado ndiyo inayotumika hospitalini, benki na kiwandani. Ukiweza kusoma mizania (orodha ya mali na madeni), taarifa ya mapato na matumizi, na mtiririko wa fedha, unaweza kuingia karibu taasisi yoyote na kuuliza swali la maana siku ya kwanza.

La pili ni kanuni ya foleni ambayo John Little, mtaalamu wa Marekani, aliithibitisha mwaka 1961. Wastani wa vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya vitu kuingia, mara wastani wa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Geuza kanuni hiyo: ukijua vilivyomo na kasi, umepata muda. Tuseme idara inakuambia kila dai linamalizika kwa siku 2. Unahesabu mafaili yaliyo mezani na kabatini, unapata 240. Unauliza mangapi hufungwa kwa siku, unaambiwa 30. Gawanya 240 kwa 30. Kama kiasi kinachoingia kinakaribiana na kinachotoka, wastani wa kweli ni siku 8. Hakuna aliyesema uongo: wao wanahesabu muda wa kushughulikia faili, mteja anahesabu muda wa kusubiri. Hesabu hiyo nimeifanya kwa wagonjwa, kwa makontena na kwa barua za malalamiko, bila kubadilisha hata alama moja.

Na kabla ya kuomba takwimu yoyote, kisia kwanza na uandike kisio lako. Ukikisia 500 ukaambiwa 480, songa mbele. Ukiambiwa 5,000, ama hujaielewa taasisi ama takwimu ina kasoro, na yote mawili yanastahili nusu saa yako.

Hatua ya 5: Pima ulichokuja nacho kabla ya kukitumia

Hapa ndipo uzoefu mpana unapogeuka hatari.

Mwaka 1980 Mary Gick na Keith Holyoak waliwapa watu fumbo la daktari anayetaka kuua uvimbe kwa mionzi bila kuunguza nyama iliyo njiani. Ni mmoja kwa kila kumi hivi aliyepata suluhisho peke yake: kupeleka mionzi dhaifu kutoka pande nyingi ikutane kwenye uvimbe. Wengine walisimuliwa kwanza kisa cha jenerali aliyeligawa jeshi lake lipite njia nyingi na kukutana ngomeni. Hata baada ya kusikia kisa hicho, wengi hawakukitumia mpaka walipoambiwa kwamba kinaweza kuwasaidia. Baada ya kuambiwa, takriban robo tatu walipata jibu. Nilichojifunza kwao ni kwamba akili haivushi maarifa yenyewe kutoka fani hadi fani. Lazima uiulize kwa makusudi: tatizo hili, ukiondoa majina ya vitu, linafanana na nini nilichowahi kukiona?

Mfano mzuri ni wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Madaktari wa moyo waliona kwamba mtoto akitoka chumba cha upasuaji kwenda wagonjwa mahututi, makabidhiano yalikuwa ya vurugu. Wakaomba msaada kwa timu ya Ferrari ya mbio za magari za Formula 1, ambako watu wengi hubadilisha matairi kwa sekunde chache bila kugongana. Hawakuchukua kasi. Walichukua mpangilio: nani anaongoza, nani anafanya nini na kwa mfuatano upi, na nini lazima kisemwe kabla watu hawajatawanyika. Kwenye mbio kuna mtu mmoja anayesimamia gari lisiondoke kabla ya wakati. Hospitalini jukumu la kuongoza wakampa daktari wa usingizi hadi atakapolikabidhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha makosa yalipungua. Jambo la kuliangalia ni uchaguzi wao wa cha kuacha.

Mimi nilishindwa kuchagua. Nilikuwa nimetoka kwenye kituo cha kupokea simu za wateja, ambako tuliunganisha foleni nyingi kuwa moja: anayefuata anahudumiwa na yeyote aliye huru. Muda wa kusubiri ulishuka vizuri. Kazi iliyofuata ilikuwa kliniki ya wagonjwa wa muda mrefu, foleni ndefu, kila muuguzi na wagonjwa wake. Nikapendekeza dawa ile ile. Foleni ikapungua kweli. Lakini mgonjwa aliyezoea kuonwa na muuguzi mmoja kwa miaka alianza kueleza historia yake upya kila alipokuja, na mambo madogo ambayo muuguzi wake angeyagundua kwa kumtazama tu yakapita bila kuonekana. Wiki ya pili muuguzi mmoja aliniambia, "Mwanangu, hawa hawaji kuchukua namba, wanakuja kwangu." Nililiandika daftarini kama malalamiko. Ilikuwa taarifa ya kitaalamu, na ilichukua miezi kuurudisha utaratibu wa zamani. Wagonjwa ndio waliolipa gharama ya kosa langu.

Tangu hapo, kila ninapotaka kupeleka suluhisho mahali papya naandika ukurasa wenye maswali haya, na siruki hata moja:

- Kule lilifanya kazi kwa sababu ya nini hasa? (Kituoni: kwa sababu mteja hakujali anahudumiwa na nani.)
- Sababu hiyo ipo hapa?
- Nani hapa anategemea utaratibu ninaotaka kuuondoa, na nimezungumza naye?
- Nikikosea, ataumia nani, na tutajua baada ya muda gani?
- Tunaweza kujaribu kwenye dirisha moja kwa wiki mbili kwanza?

Muda wa kuwa mwangalifu zaidi ni mwisho wa wiki ya pili. Ugeni umepungua, maneno yamezoeleka, na sauti inakwambia, "Ah, hii ni kama ile ya mwaka jana." Ukiisikia, rudi kwenye ukurasa huo.

Hatua ya 6: Andika unavyoelewa, halafu wakusahihishe

Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani jinsi vitu vya kawaida, kama zipu au choo cha kuvuta maji, vinavyofanya kazi. Watu walijipa alama nzuri. Walipotakiwa waeleze kwa maandishi hatua kwa hatua, wakajipunguzia alama wenyewe. Mshauri yuko vivyo hivyo mbele ya taasisi: anaielewa mpaka atakapoiandika.

Kwa hiyo mwisho wa wiki ya kwanza andika ukurasa mmoja, usizidi, unaoeleza kazi inavyokwenda tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sentensi kamili. Michoro yenye mishale huficha usichokijua. Sentensi inakulazimisha kusema nani anafanya nini. Kisha mpelekee mtu wa ndani pamoja na kalamu nyekundu: "Nimeandika nilivyoelewa. Nisahihishe." Mtu aliyekuwa mzito kukufundisha hatavumilia kuona kazi yake imeelezwa vibaya. Nimepata masahihisho ya dakika 15 yenye thamani kuliko mahojiano ya saa mbili.

Kuhusu kusema "sijui": sema mapema na uweke muda wa kuleta jibu. "Hilo sijalielewa bado, kesho saa nne nitakuwa nimelipata." Halafu kesho saa nne uwe nalo. Anayejifanya anajua siku ya tatu hawezi tena kuuliza swali la msingi siku ya kumi.

Hatua ya 7: Jifanye mapendekezo yako yameshashindwa

Hii ni fupi. Kabla ya kukabidhi rasimu, kaa na watu watatu au wanne wa mteja, uwaambie: mwaka umepita, mapendekezo haya yametekelezwa na yameshindwa vibaya. Kila mmoja aandike kimyakimya, kwa dakika tano, sababu za kushindwa huko. Mbinu hii aliieneza mwanasaikolojia Gary Klein kwenye makala ya mwaka 2007. Inawapa ruhusa ya kusema waliokuwa wakinyamaza kwa heshima. Hakikisha mmoja wao ni mtu atakayeutekeleza utaratibu huo kila siku.

Ukiwa na siku tano tu

Fanya ya kwanza, ya tatu na ya sita. Siku ya kwanza mteja na uamuzi wake. Ya pili na ya tatu tembea na kitu kimoja. Ya nne andika ukurasa na usahihishwe. Ya tano andika ripoti. Kama pendekezo lako linatoka fani nyingine, chukua nusu saa ya siku ya nne ujibu maswali ya hatua ya tano. Ukikosa hata nusu saa hiyo, usilipendekeze.

Hatua ya 8: Funga kazi kwa nusu siku ya daftari

Ripoti ikishakabidhiwa, usianze kazi nyingine kabla ya kukaa peke yako nusu siku. Takwimu za mteja na siri zake ziache kwake. Unachobeba ni cha namna nyingine. Ninaandika kurasa tatu. Wa kwanza ni wa maswali yaliyofungua mlango, neno kwa neno kama nilivyoyauliza, na nani niliyemuuliza. Wa pili ni wa mambo niliyoyaamini siku ya tano yakaja kuwa si kweli, na kilichonibadilisha. Wa tatu ni maelezo ya tatizo bila majina ya fani: "vitu vinasubiri kibali kinachokuja mara mbili kwa wiki", "watu wawili wanahesabu kitu kimoja kwa maana tofauti". Ukurasa wa tatu ndio ninaoufungua usiku wa kuamkia kazi mpya, na ni kwa sababu yake kwamba sasa, popote ninapoingia, huomba kuonyeshwa trei kabla ya kuomba kuonyeshwa ripoti ya mwaka.